Mpaka Jumatatu

Siku yangu inaanza kwa kadibodi.
Naivuta kutoka chini ya Pijo, naisoma
kama daktari anavyosoma choo cha mtoto:
tone la kijani, tone la kijani,
na moja la kutu, limejitenga na wenzake.
Wiki ya tatu hii. Walukuba nzima inajua
Farajalla Kenyi, fundi wa injini za reli miaka thelathini na mmoja,
hawezi kuzuia maji ya gari lake mwenyewe.

Ushauri sikuuomba, ulikuja.
Isabirye wa mafuta ya taa: pasua yai bichi, litie kwenye rejeta.
Mama Naigaga: bizari, vijiko viwili.
Mwingine akataja sabuni ya mche.
Nikawauliza, mnataka gari au mchuzi?

Nilianza na hozi ya juu. Nikaiminya, ikabonyea
kama sikio la mbuzi.
Penye klipu imefanya ukoko mweupe, mfano wa magadi.
Nikangoja injini ipoe. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi kwa hasira;
mkono wangu wa kushoto una kovu la kunikumbusha.
Nikakata, nikabandua, nikasugua shingo ya chuma kwa msasa,
nikaivisha mpira mpya, wa lori,
nilioupunguza vidole vitatu
kwa kisu cha Mastura cha mihogo.
(Hajui.)

Ikashika siku mbili.
Ya tatu, hozi ya chini ikaanza kulia.
Springi ya tumboni mwake ilikuwa imebaki unga mwekundu.
Nikabadilisha. Ikafuata ile fupi ya pampu.
Ndivyo yalivyo maji yakishapata moto:
ukiyafungia mlango huu
yanakwenda kujaribu kila kitasa cha nyumba.

Alhamisi nikalala kifudifudi juu ya injini,
tochi mdomoni, miguu nje kama panzi,
nikapapasa nyuma kabisa
kwenye kihozi chembamba kinachowapelekea abiria joto,
kitu ambacho Jinja hakina kazi.
Vidole vikakuta fundo.
Nikalijua kabla sijaliona.

Tyubu ya baiskeli. Mizunguko saba, na waya juu.
Kazi mbovu.
Kazi yangu.

Mwaka wa themanini na tano, hatujafika Iganga.
Watoto wanne nyuma, na cherehani; godoro juu;
mshale wa joto umelala kwenye nyekundu,
na huko tulikotoka, milio ambayo hatukuipa jina mbele ya watoto.
Baiskeli ilikuwa mtaroni, haina mwenyewe.
Sikuuliza. Nilikata kwa wembe na meno.
Maji hatukuwa nayo.
Mastura akafungua chupa ya chai,
ya maziwa, yenye tangawizi,
akaimimina yote kwenye rejeta
taratibu, kama anayemnywesha mgonjwa,
watoto wakitazama chai yao inavyokwenda.
Nikasema: itatufikisha. Mpaka Jumatatu.

Jumatatu hiyo imeoza mabinti wawili,
imemzika mama, imeona nyasi zikiota katikati ya reli.
Nilikaa na kisu mkononi kwa muda usio wa kifundi.
Halafu nikakata.

Nikajaza maji kidogo kidogo, injini ikinguruma,
kifuniko wazi, nikiziminya hozi moja moja
kama anayekamua ng'ombe,
mapovu yakapanda, yakapanda, yakakoma.
Mshale ukasimama katikati, ukatulia.

Leo kadibodi ni kavu.
Nyayo za paka tu.

Mastura akatoka, akaliona lile fundo juu ya bonati,
akaligeuza, akalinusa.
"Chai yangu hujanilipa," akasema.

Nikamwambia: Jumatatu.